Ngoma, Mchezo au Sanaa?

Mji wa Bagamoyo wenyewe ni ubishi wa neno. Wapo wanaosema jina limetokana na "bwaga moyo", kwamba mpagazi aliyetoka bara na pembe ya ndovu begani, akifika hapa alitua mzigo na kushusha pumzi. Wapo wanaosema hapana, aliyebwaga moyo ni mtumwa, alipoiona bahari na kujua kwamba kwao harudi tena. Neno ni lile lile, lakini maana ya kwanza ni ya faraja na ya pili ni ya msiba. Ukichagua maana, umekwisha chagua na historia ya nani utaisimulia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae kwamba katika mji huo huo, kilomita sabini hivi kaskazini ya Dar es Salaam, watu wanaokula kwa kupiga, kucheza, kuimba na kuigiza wamebishana miaka na miaka juu ya jina la kazi yao. Ni ngoma? Ni mchezo? Ni sanaa za maonyesho? Na anayeifanya tumwiteje? Mimi nimeishia kidato cha nne, naandika riwaya usiku watu wakishalala, na digrii ya lugha sina. Ila ubishi huu nimeufuatilia kwa sababu unanihusu, na kama wewe nawe unashika kalamu, unakuhusu pia. Jina siyo pambo. Jina ndilo linaloamua nani apewe ukumbi, nani apewe cheti, na nani aambiwe aondoke na kelele zake.

Tuanze na mtu wa hapa hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mwenyeji wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake yalikuwa sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mtoro aliandika juu ya ngoma za watu wa mwambao wakati wake: za harusi, za jando, za pepo, na za kujifurahisha tu. Neno lililotosha kwa yote hayo lilikuwa ngoma. Ngoma ni kile chombo cha mti na ngozi. Ngoma ni mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Ngoma ni shughuli nzima, na watu wake, na chakula chake, na usiku wake. Mgonjwa akichezewa ngoma ya pepo, humo humo mna muziki, mna uigizaji, mna tiba. Hakuna aliyeuliza muziki unaishia wapi na tamthilia inaanzia wapi.

Lakini usidhani kwamba kwa kuwa neno lilikuwa pana, kazi haikuwa na madaraja. Kiswahili kilikuwa na sogora, yaani bingwa wa kupiga ngoma. Kilikuwa na manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Kilikuwa na malenga, na fundi, na kungwi wa kuwafunda wari. Hawa walikuwa watu wenye ujuzi na heshima yao, na walilipwa kwa namna ya wakati ule. Wenye kazi walijiita wenyewe, kwa lugha ya kazi yao.

Halafu yakaja majina ya wageni, na vijana wa mjini, kama kawaida yao, wakayadaka. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilizuka beni katika pwani ya Afrika Mashariki. Jina lenyewe ni bendi iliyokaa kinywani mwa Mswahili. Watu walivaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakapiga matarumbeta, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana hadi mikoa ya bara. Watawala wa Kiingereza waliiangalia beni kwa wasiwasi, hawakujua kama ni burudani au ni chama. Kwa kweli ilikuwa yote mawili, na kwa mtu aliyekulia katika neno ngoma hilo halikuwa la ajabu.

Baada ya beni ikaja dansi. Katika miaka ya 1930 vijana waliosoma walifungua klabu zao, wakavaa suti na viatu vya kung'aa, na hawakutaka hata kidogo kuambiwa wanacheza ngoma. Dansi ilikuwa ya mstaarabu, ngoma ilikuwa ya mshamba, ndivyo ilivyogawanywa. Dar es Salaam Jazz Band inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 1932, na baadaye zikafuata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Ukizisikiliza bendi hizo ukitegemea muziki wa watu weusi wa New Orleans utakesha bure. Neno jazz kwetu lilikuwa cheo tu, lilisema: sisi ni wa kisasa, tuna magitaa, tuna saksafoni, tuheshimuni.

Mashuleni nako kukawa na neno lake. Walimu wa kikoloni walileta michezo ya Kiingereza, na wanafunzi na watu wa mjini wakatunga vichekesho vyao. Kiswahili kikapata "mchezo wa kuigiza". Sasa hebu litazame neno hilo. Mchezo ni jambo la watoto jioni. Mchezo ni mpira. Mtu akikwambia "usilete mchezo" anataka uache upuuzi. Na kuigiza ni kufuata anachofanya mwingine. Kazi nzito ya kuusimamisha ukweli mbele ya watu ikabatizwa kwa maneno mawili ambayo yote yana dharau ndani yake.

Uhuru ulipokuja, majina yakawa jambo la dola. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge mara baada ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alilalamika kwamba wasomi wetu wanajua rumba na chachacha, lakini wangapi wanaijua Gombe Sugu, au Mangala, au Lelemama? Angalia alichofanya: alizitaja ngoma kwa majina yake, mbele ya Bunge. Tangu hapo ngoma ikapanda cheo. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, kikafuata cha sarakasi cha vijana waliokwenda kujifunza China na kurudi mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 kikaja cha maigizo. Hata bendi za dansi zilirudi kuomba jina kwa ngoma. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 mtindo wake uliitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Wapinzani wao wa Juwata wakawa Msondo, nalo ni jina la ngoma. Wajukuu wa wale waliokimbia neno ngoma wakaanza kugombania ngoma ipi ni kubwa!

Mwaka 1981 vikundi vile vya taifa vilipisha Chuo cha Sanaa kilichoanza hapa Bagamoyo. Ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, uchoraji na uchongaji vyote vikaingia chini ya paa moja la neno moja: sanaa. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na zamani lilikuwa zaidi la kazi ya mikono. Ukitembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo ukaiona milango ya mbao yenye nakshi, hiyo ndiyo sanaa ya kwanza katika maana ya neno. Seremala alikuwa na haki ya neno hili kabla ya mwimbaji. Na ukitaka kucheka, "tasnia", neno tunalolitumia sasa kusema tasnia ya muziki na tasnia ya filamu, linatoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu. Tasnia ya sanaa ni ndugu wawili wa tumbo moja wanaotambulishwa kama wageni.

Lakini ubishi mkali zaidi ulikuwa umeanza kabla ya Chuo. Mwaka 1970 msomi Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alisema kwamba drama si jambo lililoenea wala kukua sana katika Afrika ukilinganisha na Ulaya na Asia. Hakuwa mtu wa kutudharau, kitabu chake kilitetea mengi. Ila kipimo chake cha drama kilikuwa cha kwao. Ukitafuta jukwaa, pazia na maneno ya kukariri, kweli huyapati kwa bibi anayewafunda wari.

Jibu lilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Badala ya kuuliza kama Mwafrika ana drama, waliuliza ni mambo gani yakikutana tunapata onyesho. Wakataja manne: jambo linalotendwa, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Basi. Hapo pazia halimo, tiketi haimo, wala kitabu cha maneno hakimo. Kwa kipimo hicho jando limo, unyago umo, majigambo yamo, masimulizi ya hadithi yamo, na ngoma ya pepo imo. Kwa neno moja jipya, bibi wa unyago aliingia chuo kikuu kwa mlango wa mbele.

Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa la historia, ingawa hakuna bunduki iliyolia. Maana kama neno lingebaki "drama", sisi tungekuwa wanafunzi daima, tuliochelewa kuanza. Neno "sanaa za maonyesho" lilitufanya tuwe watu wenye urithi.

Siyo kwamba lilikubalika bila matata. Kwanza ni refu, halitamkiki kwa haraka kijiweni. Pili, ukisema maonyesho, mtu wa Dar anawaza viwanja vya Sabasaba, matrekta na masufuria. Tatu, hata tahajia yake haijatulia: huyu anaandika maonyesho, yule maonesho, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Kwenye vitabu vya shule liliingia neno jingine, tamthilia, ambalo nalo wengine huliandika tamthiliya. Asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na methali na mithili, kwa hiyo ndani yake mna maana ya kufananisha. Ni neno zuri, lakini limekaa zaidi kwenye kitabu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, mwanafunzi anaijua kama tamthilia, kitabu cha mtihani. Ikisimama uwanjani kwa miili ya watu na sauti zao, je, bado ni tamthilia, au imekuwa onyesho? Wapo wanaoona hilo ni swali la wasomi tu. Mimi naona ni swali la mkate. Mwandishi wa kitabu analipwa na mchapishaji. Aliyesimama uwanjani analipwa na nani, kama kazi yake haina jina?

Sheria nazo zina majina yake. Mwaka 1976, ule ule wa kitabu cha Muhando na Balisidya, Bunge lilipitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4. Yaani chuo kikuu kilipokuwa kinasema sanaa za maonyesho, serikali ilikuwa inasema michezo ya kuigiza, na ikaiweka pamoja na filamu, vitu vya kukaguliwa. Mwaka 1984 ikaja sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ambako neno ni sanaa, kitu cha kukuzwa. Unaona mambo hayo? Kazi ile ile, kwa jina moja inakaguliwa, kwa jina jingine inakuzwa. Na mwaka 2007 Chuo cha Sanaa chenyewe kikageuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, neno utamaduni likaongezwa mlangoni.

Mambo haya siyo ya makaratasi tu. Kikundi cha vijana wenzangu kiliwahi kuomba ukumbi wa shule moja ya njia hii ya Bunju kwenda Bagamoyo. Barua ilisema "ngoma na maigizo". Jibu likawa fupi: ngoma hapana, zinaleta uhuni. Tukaandika barua ya pili, "onyesho la sanaa lenye mafunzo kwa jamii", tukakubaliwa siku hiyo hiyo. Ngoma zilikuwa zile zile, watu wale wale, jasho lile lile. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikaa nikiwaza mzee wetu mpigaji, ambaye alisikia barua zote mbili zikisomwa na hakusema neno. Alikuwa ameambiwa kwamba kazi aliyoifanya maisha yake yote ni uhuni mpaka ipewe jina lingine.

Tumefanya hivyo hivyo na maneno "kienyeji", "jadi" na "asili". Ngoma za kienyeji likaonekana neno la dharau, tukasema za jadi, kisha za asili. Cha kuchekesha ni kwamba kuku wa kienyeji bei yake iko juu kuliko wa kisasa, na mtu anajisifu kumla. Kwa kuku kienyeji ni sifa, kwa ngoma ni aibu. Tatizo basi halikuwa neno.

Wenye pesa wa Ulaya nao hawakusalimika. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifanya Bagamoyo kuwa makazi yake hadi alipofariki Desemba 2003, alikuwa fundi wa zeze na ilimba. Hapa tulimwita msanii wa ngoma za asili. Rekodi zake zilipotolewa Uingereza na kampuni ya Real World, madukani ziliwekwa kwenye rafu ya "muziki wa dunia". Jina hilo la rafu lilipitishwa mwaka 1987, pale watu wa kampuni ndogo za santuri walipokutana kwenye baa moja mjini London kutafuta namna ya kuuza muziki wasiojua pa kuuweka. Liliuza, siyo siri. Lakini Mgogo, Mcuba na Mbulgaria wakawekwa chungu kimoja, kana kwamba muziki wa Uingereza wenyewe hautoki duniani. Mwaka 2020 wenye tuzo za Grammy walitangaza kuliondoa neno hilo kwenye jina la tuzo yao kwa sababu lina harufu ya ukoloni. Wakaweka jingine, ambalo ukilitafsiri kwa Kiswahili unajikuta umerudi pale pale: dunia.

Wakati wakubwa wanabishana, mtaa nao haulali. Katikati ya miaka ya 1990 vijana walioimba rapu kwa Kiswahili walikuwa hawana jina. "Bongo Fleva" likazuka redioni, na anayetajwa sana kulianzisha ni mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One, mwaka 1996. Wapo waliolikataa, wakataka "muziki wa kizazi kipya". Bongo Fleva likashinda kwa sababu lilikuwa la kijiweni. Na mtaa huo huo umelifanyia ngoma mambo mawili. Ukimwi ulipotuchukulia watu, mtaani wakasema fulani "ana ngoma", na neno la furaha likawa la kunong'onwa. Kisha wanamuziki wakalirudisha: wimbo mpya ukitoka, kijana anasema "nimeachia ngoma". Hana drum, hana ngozi, ana kompyuta, na bado anasema ngoma. Neno alilolijua Mtoro bado linafanya kazi.

Lakini mtaa umetupiga na kofi pia. Siku hizi mwanasiasa akidanganya tunasema "huo ni usanii". Fundi akila hela ya mtu ni "msanii yule". Mkutano usio na maana ni maigizo, na Bunge likivurugika ni sarakasi. Sanaa, maigizo, sarakasi: masomo yale yale yanayofundishwa hapa Bagamoyo yamekuwa matusi ya taifa. Mwanafunzi anasota miaka kupata cheti, halafu jina la cheti chake ni jina la tapeli. Baraza la Kiswahili haliwezi kulifuta hilo kwa tangazo. Linaweza kufutwa na kazi tu, watu wakiona kwamba msanii hasa ndiye aliyesema kweli pale wengine walipodanganya.

Nasi wa kalamu tumo. Ukisema wewe ni mwandishi, unaulizwa gazeti gani. Vitabu vya akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, vilivyowafanya wengi tupende kusoma, wahakiki waliviweka kwenye kapu la "fasihi pendwa", na upande wa pili wakaweka "fasihi dhati". Kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa cha dhati! Ni dansi na ngoma zile zile, zimebadilisha nguo.

Nimeyapanga majina yote haya na kila moja naliuliza maswali mawili: linamwingiza nani, na linamwacha nani mlangoni? Dansi lilimwingiza msomi likamwacha babu yake. Drama lilituacha wote nje. Sanaa za maonyesho, pamoja na urefu wake na ubishi wa tahajia yake, lilimwingiza bibi wa unyago, kwa hiyo nalitetea, ingawa lilizaliwa ofisini na siyo kijiweni. Usanii la mitaani linamtoa nje kila mmoja wetu. Na pale tunapokwama, Kiswahili kina akiba ambayo hatujaigusa. Yule mzee mpigaji hahitaji kuitwa mtendaji wala mdau wa tasnia. Yeye ni sogora. Barua ijayo ya kikundi chetu nitaiandika mimi, na nimekwisha waambia wenzangu kwamba neno hilo litakuwa mstari wa kwanza, mbele ya jina lake, na neno ngoma litafuata bila kuombewa radhi.